Walikolala Madereva: Nyumba ya Mama Pale Mnazi Mmoja

Ikitajwa reli ya kusini, ile iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, watu hukimbilia habari ya karanga hizo: Waingereza walivyokuja mwaka 1947 na matrekta yao, wakafyeka pori la Nachingwea, wakala hasara, na ilipofika 1951 mpango wote ukawa umezikwa. Mimi nimekua nikisikia upande mwingine wa reli ile ile. Nilisikia nani alilala wapi, nani alipewa chumba chenye kunguni, nani alikula akapanda treni bila kulipa. Bibi mzaa mama aliwapikia watu wa reli pale Mkwaya. Mama akaja kuwalaza madereva wa malori na mabasi. Na mimi nina gesti yangu ndogo Mnazi Mmoja, kwa hiyo kazi hii tumerithishana bila mtu kukaa chini na kuamua.

Kwa asiyepajua, Mnazi Mmoja ni njia panda ya Mingoyo, kusini ya mji wa Lindi. Ukitoka Dar es Salaam, hapo ndipo njia inapogawanyika: huku Mtwara, huku Mtama, Nyangao, Ndanda mpaka Masasi. Mkwaya iko jirani, ukingoni mwa ule mkono wa bahari unaopokea mto Lukuledi. Reli ilianzia hapo kwa kuwa Mtwara ilikuwa bado haina bandari ya meli kubwa, na vyombo vya kwenda Nachingwea vilishushwa kwa matishari katikati ya mikoko. Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, njia ikaunganishwa kutoka huko mpaka Ruo, kituo cha kwenye reli ile ile ya Nachingwea, na Mkwaya ikabaki na minazi yake.

Bibi alikuwa mke mchanga wakati huo. Alisema treni ikitoka Nachingwea ilileta watu ambao hapa hawakuwa na ndugu wala mwenyeji: dereva, fayamani mchochea moto, na gadi msimamizi wa treni. Wakimaliza zamu walikuwa weusi kwa masizi, mtu humjui kwa sura, unamjua kwa sauti. Malazi yaligawanywa kwa rangi na cheo kama kila kitu cha wakati ule. Mzungu na nyumba yake, Mhindi na Mgoa na yao, Mwafrika na chumba kimoja kwenye safu ya vyumba, jiko la kuchangia nje. Wengi walihamishwa kutoka Reli ya Kati, watu wa Tabora na Dodoma, na kero yao kubwa haikuwa chumba bali samaki. Samaki asubuhi, samaki jioni. Bibi aliona riziki hapo. Akaanza kuwapikia kuku na kunde, akapata wateja ambao wapishi wengine pale waliwakosa kwa kung'ang'ania pweza.

Mmoja wa madereva hao alimsimulia kwamba kwenye safari ndefu za Reli ya Kati watu wa zamu ya pili walilala humo humo ndani ya treni, kwenye behewa lililofungwa nyuma ya injini, zamu ikigeuka wanabadilishana. Bibi hakumwamini. Alisema mtu anayelala ndani ya kitu kinachokwenda hajalala, amebebwa tu.

Lakini jambo alilolishika kuliko yote ni la kuamsha. Reli ilikuwa na kijana wa kazi hiyo peke yake. Usiku anapita na taa yake na daftari, anagonga mlango wa mwenye zamu, na haondoki mpaka mtu atie sahihi au dole gumba. Ukiweka dole, basi umeamka, na treni ikichelewa ni juu yako. Bibi alisema kuna mafayamani waliokuwa hodari wa kuweka dole huku wamelala fofofo, mkono tu ndio umetoka mlangoni. Kijana akajifunza kuwanyima daftari mpaka waseme treni yao ni ya kwenda wapi.

Reli yenyewe haikudumu. Karanga zilishakwisha, mizigo iliyobaki haikulipa gharama, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, mataruma na vyuma vikang'olewa. Leo Mtwara kuna kata inaitwa Reli na Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni, na vijana wa huko wameoa na kuzaa bila kusikia honi ya treni hata siku moja.

Mama hakupanga kuwa na nyumba ya wageni. Alikuwa ameachika, ana watoto, ana nyumba ya udongo yenye vyumba vinne na baraza pana inayotazama barabara, na alipika vitumbua. Siku moja lori la korosho lilikatika springi mbele ya nyumba. Springi ya lori miaka ya mwanzo ya 1980 hukuipata dukani. Ilibidi mtu apande gari la watu mpaka Dar es Salaam akaitafute huko, na waliobaki walibaki. Wakala kwetu, wakalala barazani, na gari lilipopona wakaenda kuwaambia wenzao njiani kwamba Mingoyo kuna mama anapika na hana maneno mengi. Kwa kazi hii hilo ndilo tangazo, na mpaka leo sijaona jingine lenye nguvu kama hilo.

Barabara ya wakati ule ilikuwa inamla mtu. Kutoka Dar unavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na ukifika umechelewa unalala foleni. Halafu mfinyanzi mpaka Somanga, halafu Nangurukuru, halafu Mbwemkuru. Kiangazi ni vumbi. Mvua zikianza Desemba, magari yananasa kule bondeni, abiria wanashuka kusukuma, watu wanalala njiani siku kadhaa. Dereva akifika kwetu macho yamekuwa mekundu kama pilipili na mikono bado inatetemeka kwa usukani. Ukimwuliza atakula nini anakutazama tu.

Mama aliwatazama watu hao akatambua wanachohitaji, nacho hakikuwa kitanda kizuri. Walitaka kulala saa ambazo wengine wako macho. Lori linafika saa mbili asubuhi, dereva anatakiwa aondoke jioni jua likipoa ili matairi yasipasuke, sasa alale saa ngapi? Mchana. Na mchana wa kijijini una makelele kuliko usiku wa mjini. Basi nyumba yetu haikufuga jogoo. Watu walitushangaa, nyumba ya Kiswahili haina jogoo, na kuku wa kupika tulinunua kwa majirani. Kinu chetu kilikaa kwa jirani ng'ambo ya uchochoro, kisamvu tulitwangia huko tukarudi nacho kwenye bakuli. Watoto tulicheza nyuma ya mibuyu. Ukipiga mluzi uani wakati kuna lori limeegeshwa, mama hakusemi. Anakuita, anakupa ndoo, anakutuma kisimani.

Kunguni nao walikuwa kazi. Vitanda vyetu vilikuwa vya kamba na magodoro ya sufi, na mtu anayelala leo Newala na kesho Kilwa anabeba kunguni kwenye mkoba wake bila kujua. Kila Jumamosi tulitoa vitanda uani, tukamwaga maji yanayochemka kwenye maungio ya miti, polepole, kona baada ya kona, mpaka uone wanatoka. Godoro linaanikwa juani linapigwa fimbo pande zote. Shuka mama hakukubali ya rangi. Alisema shuka nyeupe inamwonyesha mgeni ukweli kabla hajalala, na mgeni aliyekwisha kuona ukweli analala upesi.

Kuamsha alikuchukua kwa bibi moja kwa moja. Saa ya kila mtu aliiandika kwa mkaa juu ya fremu ya mlango: 9, 10, 11. Ikifika hagongi mlango kwa nguvu, maana chumba cha pili kuna mwingine aliyelala. Anafungua, anasimama upande wa miguu, anaita.

"Kaka."

"Naam."

"Saa tisa."

"Nimeamka, Mama."

Hapo wengine wangeondoka. Mama anabaki.

"Gari umeligeuzia wapi, Lindi au Mtama?"

Kimya. Halafu, "Eh?"

"Gari. Limeangalia wapi?"

"Limeangalia... Mtama. Karibu na mwembe."

"Haya, uji uko mezani."

Nilidhani anauliza kwa sababu hajaliona gari. Nilipokuwa mkubwa kidogo nikaachiwa zamu ya kuamsha, ndipo nikajua kwamba mtu aliyechoka anaweza kukujibu "nimeamka" mara tatu, kwa adabu zote, na asiwe ameamka. Kulijibu swali la gari lazima akili itoke usingizini, iende nje, iitazame barabara, irudi. Baadhi ya madereva walikasirika. Mmoja aliniambia mimi si askari wa usalama barabarani. Nikamwacha anung'unike, kwa kuwa anayenung'unika yuko macho.

Cheo kilikuwepo barabarani kama kilivyokuwepo kwenye reli, ila hapa hakikwenda kwa rangi. Dereva analala chumbani. Konda akipata nafasi chumbani, akikosa barazani kwenye mkeka. Utingo analala juu ya mzigo. Wakati wa korosho, kuanzia Oktoba, magunia yanapangwa mpaka juu ya mbavu za lori, turubai linafungwa, na yeye anajichimbia kishimo katikati yake. Mama alikuwa akisimama chini usiku na kandili.

"Mwanangu, shuka ule ndani."

"Siwezi, Mama. Likiibiwa gunia nakatwa mimi."

Basi sahani inapanda kwa kamba. Ugali wa muhogo, kipande cha changu, mchuzi kwenye kopo la maziwa ili usimwagike. Halafu mbu. Mingoyo na ule mkono wa bahari na mabonde yake ya mpunga, mbu wake si wa kuchezea. Mama alikuwa na chandarua kimoja kikuukuu alichokishona tena kwa uzi wa nyavu, chenye kamba nne ndefu kuliko kawaida. Nilipanda mimi kukifunga: kamba mbili kwenye mbavu za lori, mbili kwenye kichwa, kingo zikikandamizwa chini ya magunia. Kile hakikuingia chumbani kamwe. Dereva mmoja aliyekuta vyandarua vyote vimetumika alikiomba, mama akamwambia wewe una mlango.

Fedha sasa. Watu hudhani nyumba ya namna hii inaishi kwa kodi ya vitanda. Haikuwa hivyo. Matajiri wenye magari, wengi wao, hawakulipia malazi. Walimpa dereva posho ya njiani na kumwambia ajitegemee. Na posho ikiwa mfukoni, kila senti unayolalia ni senti usiyopeleka nyumbani. Kwa hiyo mtu anapika chini ya gari lake, analala kwenye kiti ameweka miguu kwenye usukani, posho anaituma kwa watoto. Huwezi kumlaumu. Reli ilijenga vyumba, na kilichojengwa mtu hawezi kukituma kwa mke wake, ndiyo maana watu wa reli walilala. Mama hakuwa na uwezo wa kubishana na matajiri, basi akageuza hesabu: anayekula kwake sahani mbili, ya kufika na ya kuondoka, kitanda hakilipii. Chakula kilikuwa na faida, kitanda kilikuwa chambo. Na dereva anayelala kitandani hula asubuhi kwa hamu, wakati aliyelala kwenye kiti anataka chai ya rangi tu na sigara.

Kuna tajiri mmoja, simtaji, alikuja mwenyewe na gari dogo akamtuhumu mama kwamba anawalegeza madereva wake, wanafika Mtwara wamechelewa. Mama akamkaribisha chai. Akamwonyesha chumba, akamwonyesha mkaa juu ya fremu. Yule bwana aliondoka bila kusema neno, na madereva wake wakaendelea kuja. Posho yao haikuongezeka.

Majirani nao walisema. Mwanamke aliyeachika, wanaume wageni wanaingia na kutoka usiku, unategemea wasiseme nini? Mama aliweka sharti moja: mgeni wa kike haingii, na pombe inanywewa huko huko inakouzwa. Alijua wengi wao hawakumhitaji kwa hilo. Dereva wa masafa alikuwa na nyumba ndogo Masasi au Kilwa, na kwa ukweli hizo nyumba ndogo ndizo zilizokuwa gesti kubwa kuliko zote kusini. Miaka ya 1990 tulianza kuona majina yakipungua. Dereva anakuja amekonda, safari ifuatayo gari lile lile linaendeshwa na konda wake wa zamani, hakuna anayeuliza. Mama aliwapelekea uji wawili ambao hawakuwa na wa kuwauguza hapa. Sharti lake la mgeni wa kike, ambalo watu waliliona la kujitakasa, wakati huo walianza kuliona vingine.

Miaka hiyo hiyo mabasi ya abiria yalipigwa marufuku kutembea usiku. Kwetu ilikuwa neema. Basi lililochelewa pantoni halikuweza kumalizia safari gizani, na abiria nao wakahitaji pa kulala. Tukaezeka bati, tukaongeza vyumba, baraza ikazibwa. Mama hakulipenda lile wimbi. Abiria anapiga redio, abiria ana mtoto analia, abiria anauliza choo kiko wapi katikati ya usiku, na dereva wake yuko chumba cha pili anatakiwa ashike usukani saa kumi na mbili asubuhi na roho zao wenyewe nyuma yake. Akawaweka abiria vyumba vya mbele, madereva nyuma kando ya mwembe, na mlango katikati.

Halafu neema ikaondoka kwa njia ya daraja. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, karibu kilomita moja, na pantoni ikasahaulika. Lami ikaja vipande vipande. Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, ndicho kipande kilichochelewa kuliko vyote, na kilipokwisha basi likawa linatoka Dar alfajiri, linafika Mtwara siku hiyo hiyo. Kwetu linasimama dakika kumi, watu wananunua korosho na kukimbilia chooni. Nyumba nyingi za namna yetu zilikufa kati ya Ikwiriri na Mingoyo, na sioni cha kusikitikia sana hapo. Wengi wa waliokuwa wakilala kwetu walilala kwa sababu barabara iliwaangusha. Mama alifariki kabla lami haijakamilika. Mimi nilibakiwa na malori ya Masasi na Tunduru, na wafanyabiashara wa ufuta na korosho kwa msimu.

Sasa imebadilika tena. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku na mchana, na wale vijana wa zamu za usiku wameanza kubisha hodi asubuhi, macho yale yale mekundu. Wengine basi lao lina madereva wawili, mmoja analala nyuma wakati mwenzake anaendesha. Nikiwauliza umelala? Wanasema nimelala. Nawapa uji na chumba cha nyuma.

Nimeshona mapazia mazito ya kitenge kilichokunjwa mara mbili, mchana chumba kinakuwa giza. Feni badala ya dirisha wazi, kwa sababu ng'ambo ya uchochoro, pale kilipokuwa kinu chetu, sasa kuna kijana anauza nyimbo na kuchaji simu, ana spika kubwa kama kabati. Tumekubaliana naye: mapazia ya nyuma yakifungwa, spika inageuzwa kuangalia barabarani. Nami wateja wangu wote nawapeleka kwake kuchaji. Mkataba huo umeshika kuliko barua niliyoipeleka kwa mtendaji.

Wote wana simu, wote wanasema Mama usihangaike, nimeweka kengele. Nasikia kengele zao. Inalia, mkono unatoka kwenye shuka, inanyamaza. Dole gumba lile lile. Basi naingia nasimama upande wa miguu nauliza gari linaangalia wapi. Wanacheka, wengine wananiita Mama Trafiki. Mmoja wiki iliyopita alinijibu "liko gereji" wakati gari liko nje ya mlango, nikamwambia rudi ulale kwa muda wa saa moja, nikaenda kuzungumza na konda wake.

Ninachogombana nacho zaidi ni mwanangu. Anataka tuweke runinga kila chumba, anasema gesti ya leo bila runinga ni ghala. Nimemkubalia vyumba vya mbele, ameshaleta mbili na ya tatu ameagiza Mtwara. Vya nyuma nimemkatalia, na funguo zake ninazo mimi.